Nataka kupiga picha za ukoo wa baba yangu Abeokuta, nianzie wapi?

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuniletea jambo la ndani namna hii. Ntalirudia swali lako kwa kifupi ili na wengine wafuate: baba yako alikuwa Myoruba wa Abeokuta, kule Nigeria, mama ni wa Tanga, umezaliwa na kukulia Dar, baba kafariki ukiwa bado mdogo na Kiyoruba chako hakivuki salamu. Saa hizi unaishi kwa kamera, harusi na matangazo, na shangazi yako upande wa baba kakuita Desemba kwenye sherehe ya familia, unataka urudi na mradi wa picha kuhusu asili yako ila unaogopa usije ukawa mtalii kwenye nyumba ya baba yako mwenyewe. Unauliza uanzie wapi na upige nini.

Anzia kwenye picha ambazo tayari ziko ukutani na kwenye maboksi ya nyumba hiyo. Hadithi unayoitafuta ilishaanza kusimuliwa kwa picha kabla hujazaliwa, na waliokuwa wanaisimulia ni Wayoruba wenyewe, kwahiyo kazi yako we ni kuidaka ilipofika na kuiendeleza. Mengine yote ntakayokwambia hapa yanatoka kwenye hilo.

Nakwambia hivi kwa sababu watu wakisikia picha za Afrika zinazosimulia, wanawaza mtu anayekuja na hadithi yake kichwani halafu anatafuta sura za kuijaza. Studio za Wayoruba zilikwenda njia yao kabisa. Mwaka 1978 Mmarekani mmoja, Stephen Sprague, mwenyewe mpiga picha, alichapisha utafiti kuhusu wapiga picha wa Kiyoruba, sehemu kubwa akitumia mji wa Ila-Orangun, na alichokikuta ni watu walioichukua kamera wakaipa kanuni zao wenyewe. Kuna uwezekano mkubwa sebuleni kwa shangazi yako utakuta picha ya mzee kakaa kitini, uso na kifua vimeelekea mbele, mikono imetulia mapajani au magotini, magoti yameachana ili nguo itandazike yote ionekane, hacheki, anakutazama moja kwa moja, mwili umejaa fremu nzima. Kwa macho yetu ya leo ya selfi utasema mzee kakakamaa, kamera ilimtisha. Hapana. Huo ni mkao rasmi, mzee kaupanga yeye na mpiga picha wake, na unasema mambo mengi kwa wakati mmoja: umri wake, cheo chake, kitambaa alichoweza kukinunua, utulivu wa mtu aliyekomaa. Hata kwenye uchongaji wao wa asili sanamu nzuri ni ile inayofanana na mwenyewe kwa kiasi, isiwe kitu cha kubuni tu na wala isiwe nakala ya kila kunyanzi, na mtu anaonyeshwa kwenye nguvu za utu uzima wake hata kama alikufa kikongwe. Sasa mtu mwenye urithi huo ukimfuata jikoni ukamfyatua akiwa na kanga ya nyumbani, mdomo wazi, jasho, ukaita hiyo picha ya ukweli, kwake yeye umemwonyesha mahali ambapo hayupo.

Kwahiyo jifunze ule mkao. Kamera iwe usawa wa kifua au wa macho, usimpige mzee kwa kumwangalia kutoka juu, usimkate mama gele yake, yaani kilemba, wala mtu yeyote miguu yake. Kwenye imani ya Wayoruba kichwa, ori, ndo kinabeba majaliwa ya mtu, na ukitazama vile vichwa vya shaba vya Ife, mji wa kale wa Wayoruba, vya karne nyingi nyuma utaona uzito waliokipa, hivo kukata kilemba cha mama wa watu ili fremu ipendeze ni kosa ambalo watalihisi hata kama hawatakwambia. Kwenye picha ya kundi waachie wenyewe wajipange, usishike mtu mkono kumsogeza. Nani kakaa katikati, nani kasimama nyuma ya kiti cha nani, watoto wako wapi chini, hiyo ni ramani ya ukoo wako na wanakuchorea bure.

Halafu kuna jambo la mapacha, hili nataka ulisome taratibu maana linakuhusu we moja kwa moja. Wayoruba ni kati ya watu wanaozaa mapacha wengi zaidi duniani, na tangu zamani pacha mmoja akifa familia ilichongesha kisanamu cha mti, ere ibeji, mama akakitunza, akakiogesha, akakivika, akakipa chakula, kwa sababu mapacha wanaaminika roho zao zimefungamana na aliyeondoka asipotunzwa anaweza kumvuta mwenzie. Studio za picha zilipoenea, baadhi ya familia zikahamishia kazi hiyo kwenye picha. Pacha aliyebaki anapelekwa studio anapigwa, halafu negativu ileile inachapwa mara mbili kwenye karatasi moja, upande kwa upande, wanatokea watoto wawili wamekaa pamoja. Na kama marehemu alikuwa wa jinsia nyingine, aliyebaki anapigwa mara ya kwanza na nguo zake, mara ya pili na nguo kama za ndugu yake, fundi anaziunganisha. Unaona walichokifanya? Wamemrudisha mtoto mahali pake kwa kutumia mwili wa aliye hai. Mimi katika kufundisha kote upigaji picha sijaona mfano mwingine unaonigusa kama huu, kwa sababu hapo picha inafanya kazi ndani ya familia, inalea, inatuliza, inaziba pengo, kabla hata haijawa sanaa ya mtu yeyote.

Na we una pengo. Waombe wakutafutie picha ya studio ya baba yako akiwa kwenye umri wako au karibu. Kaa kwenye mkao uleule, kiti kama kile, mwanga wa upande uleule, nguo ambayo shangazi atakuchagulia yeye, halafu uchape picha hizo mbili kwenye karatasi moja. Usifanye kisirisiri. Mweleze shangazi unachotaka na kwa nini, kwa sababu kumkalisha marehemu ni jambo zito kwao kama lilivyo kwetu pwani, na akikubali atataka awepo siku hiyo, na yeye akiwepo atasimulia. Hapo washa kinasa sauti.

Kuhusu yale maboksi sasa. Usiondoke na picha hata moja, hata ukiruhusiwa. Zipige palepale karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma, nasisitiza nyuma, maana huko ndo kuna muhuri wa studio, tarehe, majina, maneno aliyoandika mtu kabla ya kuituma kwa ndugu. Kama kuna skana nzuri, picha ndogo ziskani kwa 600 dpi. Kila picha mrekodi mzee anavyoielezea, aongee Kiyoruba chake tu, usimlazimishe Kiingereza ili we uelewe papo hapo, binamu atakutafsiria baadaye na mara nyingi utamu wote uko kwenye kile ambacho mzee asingeweza kukisema kwa Kiingereza. Muulize nani hayupo kwenye picha na kwa nini. Muulize picha ilipigwa kwa ajili ya kupelekewa nani. Hayo maswali mawili yanafungua milango mingi kuliko kuuliza 'huyu ni nani'.

Na kabla ya yote muulize shangazi ninyi ni wa sehemu gani ya Abeokuta. Mji ule ulianzishwa 1830 na Waegba, tawi la Wayoruba, waliokuwa wanakimbia vita, wakajihifadhi kwenye mwamba wa Olumo chini ya kiongozi wao Sodeke, na hawakuja kama watu mmojammoja, walikuja na miji yao ya zamani, kila mji ukabaki na jina lake na wakuu wake mulemule ndani ya Abeokuta: Ake, Kemta, Ijeun, Itoku na mingine mingi, na Waowu, tawi lingine la Wayoruba, nao wakaja kujiunga. Kwahiyo mtu akikuuliza unatoka wapi pale Abeokuta ukajibu 'Abeokuta', hujamjibu. Ukitaja mji wenu na ile nyumba kubwa ya ukoo, agbo ile, uso wake utabadilika, na hapo utalii umeshaanza kuisha.

Sasa niende kwenye usimulizi wenyewe, kwa sababu najua umeshafikiria mpangilio wa kawaida: naondoka Dar, nafika, nalia, nakutana na shangazi, nagundua mimi ni nani, mwisho. Achana nao. Kwao kuna umbo la kusimulia ambalo ni la kwao na linaikaa picha vizuri sana, nalo ni oriki. Hizi ni tenzi za sifa za mtu, za ukoo, za mji, hata za miungu, kwetu jirani yake wa karibu ni majivugo ya Wahaya. Oriki haisimulii maisha kuanzia kuzaliwa hadi kufa. Inamwita mtu. Inarundika vipande, mstari mmoja unamsifia babu kwa ujasiri, unaofuata unataja deni lake, unaofuata unataja mti uliokuwa mlangoni, unaofuata unamgeukia msikilizaji kwa jina, na hakuna anayekueleza vipande vinaunganaje, unatakiwa uwe mtu wa nyumba au umuulize mtu wa nyumba. Wajuzi wakubwa wengi wa oriki za nyumbani ni wanawake, mabibi na wake wa ukoo, na wakikuchombeza nazo asubuhi ukiwa unasalimia utajikuta mgongo umenyooka wenyewe.

Omba uimbiwe oriki ya ukoo wa baba yako, na uulize kama we mwenyewe ulipewa jina la oriki, wasichana huitwa majina kama Asake, Abeni, Ajoke, Aduke, inawezekana unalo na hakuna aliyewahi kukwambia. Irekodi, itafsiriwe mstari kwa mstari, halafu mradi wako uwe unafuata mistari hiyo. Mstari unaotaja mto, piga mto. Unaotaja kazi ya ukoo, tafuta anayeifanya leo. Unaotaja ugomvi, tafuta nyumba iliyogawanywa. Picha zipange zikae jirani bila maelezo marefu, kama vipande vya oriki vinavyokaa. Mtazamaji wa Dar au London atapotea kidogo, na ni sawa, ndugu zako wa Abeokuta hawatapotea.

Umesema pia unaogopa kwamba kwa kukulia mbali huna haki. Mtazame mpiga picha Rotimi Fani-Kayode. Kazaliwa Lagos 1955 kwenye familia yenye vyeo vya jadi Ife, mapinduzi ya Nigeria ya 1966 yakawapeleka Uingereza akiwa mtoto, akakulia Brighton, akasoma Marekani, akafanya kazi London hadi alipofariki 1989. Picha zake nyingi zinazojulikana za miili, vinyago na matambiko ya Kiyoruba hazikupigwa Nigeria, alizipiga studio London. Aliandika 1988 kwamba yeye ni mtu wa nje kwa njia tatu: kwa kuwa anapenda wanaume, kwa kuwa kang'olewa kwenye ardhi na utamaduni wake, na kwa kutokuwa yule mtoto mwenye ndoa na kazi ya heshima ambaye wazazi walimtarajia. Hakujifanya kwamba hakuwahi kuondoka. Alipiga picha kutoka palepale alipokuwa amesimama, nje, na umbali wenyewe ukawa ndo mada. Na we umbali wako upige. Kiswahili chako, mama yako wa Tanga, ile hali ya kucheka nusu sekunde baada ya wenzio kwa sababu unasubiri tafsiri, vyote hivyo ni sehemu ya ukoo ule sasa.

Ila usiige sura ya kazi zake. Angalia kwa upande mwingine J.D. 'Okhai Ojeikere, huyu hakuwa Myoruba, ni mtu wa upande wa Edo aliyefanya kazi Lagos, kuanzia 1968 akapiga mitindo ya nywele za wanawake wa Nigeria karibu elfu moja, mingi kwa nyuma ya kichwa, ukuta mtupu, mwanga safi. Hana drama yoyote. Lakini kuna mtindo unaitwa onile gogoro, kwa jina la majengo marefu, na ukiujua unaona nchi iliyotoka kupata uhuru ikijenga maghorofa na wasusi wanayapandisha kichwani. Uvumilivu wa namna hiyo, kitu kimoja kwa miaka, ndo unakosekana kwenye miradi mingi ya 'mizizi' ninayoletewa niitazame, ambayo ni wiki mbili, rangi kali, mtu kapakwa chaki usoni na macho yanatazama pembeni. Chaki ile ina maana kwa watu fulani, siku fulani. Kama sio watu wako wala siku yao, iache.

Kwenye sherehe yenyewe kutakuwa na aso ebi, yaani sare ya familia kama tunavyofanya sisi kwenye harusi, ila wenzetu wanaichukulia kwa uzito mkubwa zaidi. Muulize shangazi mapema kitambaa ni kipi na bei yake, ulipie kama wengine, kishonwe kabla. Ukipiga picha ukiwa na jinzi na fulana nyeusi watu watakuelekeza pa kusimama kama wanavyomwelekeza fundi wa video. Ukiwa na sare watakuvuta uingie kwenye fremu, na uingie, mpe binamu kamera. Ujue pia kwamba sherehe za kule huwa na wapiga picha wanaochapa picha palepale na kuwauzia wageni, usiwaharibie biashara, salimiana nao, wanazijua familia kuliko unavyodhani.

Ukipata siku nenda soko la Itoku kuona adire, vitambaa vya rangi ya nili ambavyo wanawake wa Abeokuta wamevijengea jina. Kuna aina moja ya zamani utaipenda kama mpiga picha: mwaka 1935, jubilei ya mfalme George wa Tano wa Uingereza, sura za mfalme na malkia zikaingizwa kwenye michoro ya adire, yaani picha rasmi ya ikulu ikageuka nguo ya mama sokoni. Na ukiwa na wamama wa soko uliza kuhusu wanawake wa Abeokuta waliopinga kodi chini ya Funmilayo Ransome-Kuti, wakasukuma mpaka mwaka 1949 Alake, mfalme wao, akaondoka kitini kwa muda. Bibi yako au mama yake anaweza kuwa alikuwepo. Muulize shangazi hilo swali uso kwa uso, usilitume kwa meseji.

Vya kutopiga. Ibada ya Oro wanawake hawaruhusiwi hata kuiona, ukiambiwa kaa ndani usiku huo, kaa ndani, wala usichungulie na lenzi ndefu. Egungun, vinyago vya mizimu, masharti yake yanatofautiana ukoo kwa ukoo, muulize mwenye kinyago, sio kijana wa mtaani atakayekwambia 'piga tu'. Na kwenye madhabahu ya mtu kamera inabaki begini hadi uambiwe. Halafu uwe tayari kukuta familia yako ni Waanglikana au Waislamu wa vizazi vingi ambao hawana kinyago chochote cha kukuonyesha. Abeokuta ilipokea wamisionari tangu miaka ya 1840 na gazeti la Kiyoruba, Iwe Irohin, lilianza kuchapwa pale 1859, kwahiyo kitabu cha nyimbo cha bibi chenye majina ya watoto yaliyoandikwa kwa wino jalada la ndani ni asili yako sawasawa na ngoma. Nitahuzunika sana nikiona umewavika ndugu zako Waislamu shanga za orisa, miungu ya Kiyoruba, kwa ajili ya maonyesho.

Vifaa sina mengi. Kamera moja, lenzi ya 35 au 50. Desemba ni msimu wa harmattan, upepo mkavu wa vumbi kutoka Sahara, unafanya mwanga kuwa laini wa kupendeza sana kwa picha za watu lakini vumbi linaingia kila mahali, usibadili lenzi nje. Na unapofika kwa mzee kamera iwe mgongoni, piga magoti umsalimie, wanawake hupiga magoti, wanaume hulala kifudifudi, subiri uinuliwe.

Ukirudi Dar usiposti chochote kwanza. Pierre Verger, Mfaransa aliyehamia Bahia kule Brazil mwaka 1946, alitumia miaka mingi kubeba picha za wajukuu wa waliouzwa utumwani akizionyesha Afrika Magharibi, na za Afrika akizirudisha Bahia, watu wakaanza kutambuana, ndo maana wakamfungulia milango mpaka akafanywa babalawo, yaani kuhani wa ramli wa Kiyoruba, na kupewa jina Fatumbi. Fanya hivo. Chapa kila picha nakala mbili, moja ipande ndege irudi Abeokuta ikiwa na majina nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino inakandamiza na kuvuja. Shangazi akishazipitisha mikononi mwa wazee, mwambie akutajie zipi zinaweza kutoka nje ya nyumba na zipi zibaki. Atakazozuia zizuie, hata kama ndo kali kuliko zote.